Shajara ya mradi wa nyumba za wakazi, upande wa chini wa Mwanjelwa, Mbeya

Mei, mvua zimekatika

Kumbukumbu hizi ninaziandika kwa nafasi yangu ya ukatibu wa kamati ya ujenzi ya ushirika wetu wa nyumba. Wanachama wameomba maandishi yatakayosomeka na yeyote, pamoja na wajukuu watakaotaka kujua ukuta wao ulisimamaje, na watu wa mitaa mingine ya jiji hili yenye hali kama yetu wameanza kutuuliza tunafanyaje.

Mtaa wetu uko mahali ambapo ardhi inateremka kuelekea kijito kinachotoka upande wa mlima Loleza. Kwa miaka mingi umehesabiwa kuwa mtaa wa kupita tu, wa vyumba vya bei rahisi na watu wanaongoja kupata pa kuhamia. Kuchakaa kwake hakukuja kwa siku moja. Nyumba za mwanzo zilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na kuchomwa palepale bondeni, mashimo ya udongo yakaachwa wazi, maji ya masika yakayaunganisha, na leo tuna korongo linalomega uwanja wa mtu kila mwaka. Wenye nyumba waliopata nafuu walihamia Uyole au Forest, wakaacha wasimamizi wa kukusanya kodi. Wengine walifariki bila kugawa mali, na nyumba zao zimefungwa kufuli wakati ndugu wanaendelea na kesi za mirathi. Ukitembea kutoka barabara ya juu hadi kijitoni, utazitambua nyumba za namna hiyo kwa bati lililoachia misumari na mabanzi yaliyochomolewa uzioni kwa ajili ya kuni, kwa kuwa hakuna anayelala ndani wa kumkemea mtu.

Katika mkutano wa kwanza walijitokeza waliopendekeza eneo zima libomolewe na kuanzwa upya. Niliwakumbusha kwamba njia hiyo imekwisha kujaribiwa nchini. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilitumia miaka yake ya mwanzo kubomoa nyumba duni za Dar es Salaam na kujenga nyingine mahali pake, na kufikia mwisho wa muongo ule mpango huo ukawekwa kando, kwa kuwa ulikuwa ghali na kila nyumba mpya ilikuwa imekwisha kuondoa ya zamani, hivyo hesabu ya nyumba haikuongezeka kama ilivyotarajiwa. Baadaye, katika miaka ya 1970, ukaja mpango wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Mbeya ilikuwa miongoni mwa miji ya awamu ya kwanza pamoja na Dar es Salaam na Mwanza. Sehemu moja ya mpango ule ilikuwa viwanja vipya vilivyopimwa kabla ya mtu kujenga. Sehemu ya pili ilikuwa maeneo yaliyokwisha kujengwa holela, ambayo yalifuatwa na barabara na mabomba. Watafiti waliolinganisha maeneo hayo miongo kadhaa baadaye walikuta kwamba nyumba bora zaidi ziko pale palipopimwa mapema. Sisi hatuwezi kurudi nyuma tukapima kabla ya kujenga, lakini tunaweza kukataa kujenga upya kabla ya kupima, na huo ndio uamuzi wa kwanza wa ushirika: hakuna tofali jipya litakalolazwa kabla bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, hazijasimikwa.

Juni, mipaka na njia

Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyokwisha kujengwa holela, una hatua zake, na kila hatua ina mhuri wake. Iliundwa kamati ya wakazi, wenye maeneo wakatambuliwa nyumba kwa nyumba mbele ya balozi na majirani wa pande zote, kisha mpimaji na afisa mipango miji wakaandaa mchoro unaoonyesha viwanja, njia, na maeneo ya wazi. Mchoro ukiidhinishwa ndipo bikoni husimikwa, ramani ya upimaji hupelekwa kuidhinishwa nayo, na mwisho mwenye kiwanja huomba hati. Ni kazi ndefu inayochosha, na wanachama wasioona ukuta ukipanda hudhani fedha zao zinaliwa.

Ugumu mkubwa ulikuwa njia. Vichochoro vyetu vingi havipitishi hata bajaji, na mchoro uliwataka watu kadhaa watoe sehemu ya uwanja bila fidia ya fedha. Jirani mmoja alikataa katakata, akasema uwanja wake aliununua kwa jasho lake na hana hatua hata moja ya kugawa. Katika wiki hiyohiyo alifariki mzee wa nyumba ya nyuma yake. Jeneza halikuweza kukata kona ya kichochoro, kwa hiyo vijana walilinyanyua juu ya ukuta wa choo cha jirani yule, wawili wakiwa wamesimama juu ya ukuta wenyewe na wengine wakilipokea ng'ambo, huku wajane na watoto wakizungukia njia ya juu ili walikute barabarani. Kikao kilichofuata jirani alifika mapema. "Mwenyekiti, andikeni hizo hatua," alisema. "Choo nitakibomoa mwenyewe." Mzee aliyekaa pembeni yake akamshika mkono akamwambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," yaani asante sana, na hoja ikafungwa.

Suala la kijito lilikuwa zito zaidi, kwa sababu halimalizwi kwa ukarimu wa jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na mpimaji alipoivuta kamba yake, baadhi ya nyumba kongwe za mtaa zilibaki upande wa maji. Familia hizo haziwezi kupewa hati mahali zilipo, na bila hati hazikopesheki. Tulikubaliana kwamba wenye viwanja vikubwa upande wa juu waiuzie ushirika vipande kwa bei iliyopangwa na mkutano, na familia za ukingoni zihamie hapo kwenye nyumba pacha, yaani nyumba mbili zinazoegemea ukuta mmoja. Nyumba pacha inaokoa ardhi na ukuta mzima wa tofali. Wapo walionung'unika kwamba kusikia redio ya jirani si maisha. Nadhani wakishalinganisha na kusikia maji ya korongo chini ya kitanda watazoea.

Julai, nani ahesabiwe mwenye nyumba anayeishi ndani

Katiba ya ushirika inasema nyumba zitakazojengwa kwa mkopo wa pamoja ni za wenye kuishi humo. Sentensi hiyo ilipoandikwa ilionekana rahisi. Mwezi huu imetuchukulia vikao vingi kuliko jambo lingine lolote, na ninaona ni haki kuieleza kwa urefu.

Hapa kwetu mwenye nyumba na mpangaji si watu wa dunia mbili. Nyumba ya kawaida ina ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mwenye nyumba anakaa vyumba vya mbele, vinavyobaki anapangisha, na kodi ya vyumba ndiyo ada ya shule na ndiyo dawa. Mchoro wa kwanza wa fundi ulikuwa wa nyumba ya familia moja, sebule na vyumba viwili, nadhifu kabisa. Mjane anayeishi ukingoni aliuangalia kwa muda, akaniuliza mbele ya wote, "Mwanangu katibu, nyumba nimeipenda. Sasa nikikaa humo peke yangu, nitakula dari?" Watu walicheka, lakini swali lilibaki mezani, na jibu lake limebadilisha mchoro. Kila nyumba sasa ina chumba kimoja cha kupangisha chenye mlango wake unaotazama njia, na kinaweza kuunganishwa na nyumba kwa kuziba mlango mmoja na kufungua mwingine, siku mtoto akioa au mama akipenda nafasi.

Sharti lililopitishwa ni kwamba mwanachama anayekopeshwa lazima alale katika nyumba hiyo, yeye au mrithi wake. Anaweza kupangisha chumba, hawezi kupangisha nyumba nzima akaondoka. Waliokwisha kuhamia kwingine walipewa hiari ya kurudi, au kuwauzia wapangaji wao wa siku nyingi kwa malipo ya awamu, au kubaki nje ya mkopo wakifaidi njia na mitaro tu. Wawili wamekubali kuuza kwa wapangaji wao, jambo ambalo sikulitegemea. Mpangaji mmoja, mama lishe wa sokoni, amekaa katika chumba kilekile tangu kabla ya soko la Mwanjelwa kuungua 2006, na kwa kodi aliyolipa muda wote huo angekwisha kuinunua nyumba.

Wapangaji wanaolazimika kupisha ujenzi nao ni watu wa mtaa. Ushirika umeweka vyumba vya muda vya mabanzi na bati kwenye uwanja wa wazi, na kila mpangaji amepewa karatasi inayomhakikishia kurudi kwa kodi ileile kwa mwaka wa kwanza. Mjumbe mmoja aliona tunawadekeza. Mimi naona kwamba mradi unaoinua mtaa kwa kuwaondoa waliouvumilia ulipokuwa mbovu hauna tofauti na tingatinga, ila unakwenda polepole.

Tulipitia pia suala la majina. Kamati imewashauri wanandoa waombe hati kwa majina mawili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inahitaji ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, lakini ridhaa ya mtu ambaye jina lake halimo popote ni rahisi kughushiwa, na katika mtaa huu kuna akina mama walioamshwa na dalali wa mnada mlangoni bila kujua kwamba nyumba iliwahi kuwekwa rehani.

Neno moja kuhusu kodi ya jengo, kwa kuwa linarudi kila kikao. Tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa, naye mara nyingi ni mpangaji. Tumeandika katika mikataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya chumba.

Agosti, udongo

Baridi ya Mbeya mwezi huu haina huruma, na ndiyo iliyonifanya nione vizuri tofauti ya kuta. Watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, na tunamwomba Mungu asubuhi wote waamke, kwa maana moshi usioonekana wa mkaa unaua bila harufu. Nyumba isiyo na dari chini ya bati hupoteza usiku joto lote ililolipata mchana, kwa hiyo dari imehamishwa kutoka orodha ya mambo ya baadaye na kuwa sharti la kuhamia.

Ukuta utakuwa wa matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na yasiyochomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza kwa miaka, na Dar es Salaam, kule Chamazi, waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari waliyatumia kujenga nyumba zao kwa njia ya ushirika. Hapa mafundi wengi ni watu wa tofali la kuchoma na walikuwa na mashaka. Tanuri linakula kuni nyingi, na hata lile la pumba za mpunga kutoka Mbarali linahitaji udongo wa mfinyanzi, ambao ukishachimbwa bondeni ndio mwanzo wa korongo jingine. Hoja hiyo niliitegemea sana, lakini kilichowageuza mafundi kilikuwa majaribio ya udongo yaliyofanywa mbele yao.

Yalifanyika nyuma ya stoo. Fundi mkuu alichukua udongo wa kutoka chini ya kina cha mizizi, akautia kwenye chupa ya kioo hadi theluthi moja, akaongeza maji na chumvi kidogo, akaitikisa na kuiweka juu ya tofali. Mchanga ulitua mara moja, kisha tope laini likajipanga juu yake, na mfinyanzi ulibaki ukielea kama uji mwepesi hadi kesho yake. Tabaka zilipimwa kwa rula ya mwanafunzi. Udongo wa ukingoni ulikuwa na mfinyanzi mwingi mno. Ule uliotoka kwenye msingi wa njia mpya, wenye changarawe nyepesi za volkano, ulikuwa na mchanga wa kutosha ila haukushikana. Walichanganya aina mbili hizo, wakajaza kijisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4, wakakiacha kikauke kivulini. Udongo unapokauka husinyaa na kuacha mwanya mwishoni mwa sanduku, na kadiri mwanya unavyokuwa mkubwa ndivyo saruji inavyotakiwa kuongezwa. Mchanganyiko wa tatu ulisinyaa kidogo tu, na kipimo kilichokubaliwa ni karai moja la saruji kwa makarai kumi ya udongo uliochekechwa.

Tofali letu lina urefu wa sentimita 30, upana wa 15 na kimo cha 10, kwa hiyo mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 33 hivi. Kwa kuwa yanafungamana, udongo wa kuungia hauhitajiki isipokuwa kozi ya kwanza na mahali pachache, na ukuta wa nje unaweza kubaki bila lipu. Yakitoka mashinini hufunikwa kwa nailoni na kumwagiwa maji wiki nzima, kisha huachwa kivulini hadi yatimize siku 28. Saruji ya kiwanda cha Songwe tunaipata bila kuisafirisha mbali, na hilo limetusaidia kwenye hesabu. Tofali la kwanza lililotimiza siku zake lililazwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi fundi mmoja mwenye mashaka alilidondosha kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Lilitoka kipande cha pembe tu. Akasema, "Haya, tuleteeni mashine."

Septemba, fedha

Mkopo mkuu ni wa SACCOS, kwa dhamana ya kundi hadi hati zitoke. Kila mwanachama ameweka akiba kwanza, na wasio na fedha wameweka kazi kwa daftari la siku: kuchekecha udongo, kubeba mawe, kumwagilia matofali. Mkopo hutolewa kwa hatua, wa msingi ukikaguliwa ndipo unafunguliwa wa ukuta. Benki moja ilitupa masharti mazuri mdomoni na mengine kabisa kwenye karatasi, tukaiacha.

Oktoba, msingi, mkanda na madirisha

Nyumba za awamu ya kwanza ni 14, na hadi leo zote zina msingi wa mawe na jamvi, yaani sakafu ya zege, na nane kuta zake zimefika kwenye lenta, usawa wa juu ya madirisha. Mawe yametoka mlimani, na msingi umepandishwa hadi juu ya alama ya maji ya mwaka jana, ambayo ilikuwa bado inaonekana kama mstari wa tope kwenye kuta za zamani.

Kwenye mkanda wa zege hatukubali kupunguza. Mbeya imekaa katika Bonde la Ufa, na tetemeko la Desemba 1910 katika ukanda wa Rukwa linahesabiwa miongoni mwa makubwa yaliyowahi kupimwa Afrika. Ukuta wa tofali unabeba uzito vizuri, lakini ukitikiswa pembeni pembe zake huachana. Kwa hiyo nyumba imefungwa kwa mkanda chini, juu ya jamvi, na mwingine juu ya madirisha unaozunguka bila kukatika, na kwenye pembe kuna nguzo ndogo za zege zinazoiunganisha mikanda hiyo miwili. Mwanachama mmoja alitaka mkanda wake uishie juu ya milango na madirisha peke yake, kama alivyoona kwa shemeji yake, ili nondo zinazobaki zitengeneze geti. Mkaguzi wa jiji alimkatalia, nasi tulishukuru kuwa si sisi tuliomkatalia.

Madirisha makubwa yametazama kaskazini, upande wa mlimani. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni, baridi ikiwa kali, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, nyuzi 57 hivi juu ya upeo, na linaingia ndani na kupasha sakafu. Mwezi Desemba jua hupita kusini kidogo ya utosi na dirisha lile linabaki kivulini. Jua hilo halina bili, na mchoro wa zamani uliokuwa umeelekeza sebule yote kwenye njia bila kujali upande ulikuwa unalitupa. Mbao za kenchi ni za msonobari kutoka Mafinga, zilizotiwa dawa.

Novemba, mtaro

Mawingu yamekusanyika Loleza na kazi zote za kuta zimesimamishwa ili mtaro uishe kwanza. Umejengwa kwa mawe, una ngazi ndogondogo za kuvunja kasi ya maji mahali penye mteremko mkali, na unamwaga kijitoni kwenye sehemu iliyotandazwa mawe makubwa. Katika ukanda wa mita 60 tulioachia, tumepanda mabingobingo na mianzi. Wapo waliotaka mikaratusi kwa kuwa inakua upesi na inauzika, lakini mkutano ulikataa kwa sababu inanyonya maji na haishiki udongo wa ukingo kama majani. Mabingobingo yatakatwa kwa zamu na wenye ng'ombe.

Januari, katikati ya mvua

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku, na alfajiri watu walikuwa wamekwisha kusimama kando ya mtaro. Maji yalipita. Sehemu moja ya chini, ambako kokoto za ujenzi zilikuwa zimeachwa karibu na ukingo, yalijaa na kuruka juu, yakaingia kwenye uwanja wa mwanachama na kuzoa ngazi yake ya udongo. Kokoto zimeondolewa na mtu amepangwa kuukagua mtaro kila Jumamosi.

Matangi ya kukinga maji ya bati yamefanya kazi kuliko tulivyodhani. Hesabu yake inaeleweka na kila mtu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa letu linafunika mita 48 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 25, hata ukiondoa sehemu ya kumi inayopotea, inajaza tangi la lita 1,000. Maji ya dakika za kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yanapitishwa kwenye bomba la pembeni na kumwagwa. Bomba la mamlaka ya maji linabaki kuwa la kunywa. La tangi ni la kufua, kuoshea na choo.

Vyoo vimejengwa kwa mashimo mawili yanayopokezana. Moja likijaa linafungwa, na katika baridi ya huku tumeamua lisifunguliwe kabla ya miaka miwili kupita. Desturi ya kutoboa choo usiku wa mvua ili kijito kibebe, ambayo kila masika ilituletea hofu ya kipindupindu, imepigiwa faini na mkutano wa mtaa, na faini ya kwanza ilimwangukia mtu wa kamati. Alilipa.

Machi, kuhamia na kuuza

Familia kumi na moja zimehamia. Hati zimetoka kwa viwanja sita, vingine vinangoja ramani ya upimaji iliyocheleweshwa na kampuni iliyopewa kazi hiyo. Wamelipwa nusu na nusu iliyobaki iko kwetu hadi watimize.

Mara tu milango ilipopakwa rangi, mfanyabiashara wa mazao alimfuata mwanachama mmoja akampa bei ambayo ni zaidi ya mara mbili ya gharama ya nyumba. Mwanachama alikuja kwangu jioni. Hakuja kuficha, alikuja kuuliza kama akikubali atakuwa ametuibia. Nilimjibu kwamba hati ni yake na hakuna anayeweza kumzuia kuhama, lakini mkataba alioutia saini unaipa ushirika haki ya kwanza ya kununua kwa miaka 10, kwa bei ya mthamini, na sehemu ya faida inayotokana na njia, mtaro na maji inarudi kwenye mfuko, kwa kuwa hiyo ililetwa na wote. Alifanya hesabu zake akaona kwamba kinachobaki hakimtoshi kununua mahali pengine penye hati na maji, akabaki. Najua atakuja mwingine ambaye hesabu zake zitamwambia aondoke, na mfuko wetu wa sasa hauwezi kununua hata nyumba mbili kwa pamoja. Mkutano umeagiza kila kaya iongeze mchango wa mfuko huo kabla ya awamu ya pili kuanza. Baadhi wamelalamika kwamba wanalipia nyumba ambayo wala haijauzwa, na sina jibu zuri zaidi ya kuwaonyesha zile nyumba za mirathi zenye kufuli.

Kuhusu hizo, familia moja imekubali kumteua mwenzao mmoja aishi ndani na kuwalipa wenzake hisa zao kwa awamu, kwa makubaliano yaliyosajiliwa mahakamani. Nyingine mbili bado zinavutana.

Mjane wa ukingoni amehamia nyumba pacha ya tatu na chumba chake cha kupangisha kimechukuliwa na muuguzi. Nyumba yake ya zamani imebomolewa na matofali mazima yamepangwa kwa ajili ya sakafu ya njia.

Kazi za mwezi ujao ni kurudisha bikoni mbili zilizong'olewa na lori la mawe, mpimaji akiwepo. Kumaliza dari za nyumba tatu zilizobaki kabla ya baridi. Na kuanza kupima udongo wa awamu ya pili, ambao unatoka upande wa juu na huenda ukahitaji kipimo kingine cha saruji. Mashine ya pili ya tofali iko kwa fundi chuma na itachukuliwa Jumatatu. Mchanga umekwisha kushushwa kwenye uwanja wa kanisa, na ufunguo wa stoo anao mweka hazina.